Majina kamili, herufi au jina la kubuni: hukumu ya familia itoke vipi?

"Wakili, hii itaingia mtandaoni?" Swali hili huulizwa kwenye korido, mara chache sana mbele ya hakimu, na kwa kawaida huja wakati hukumu imeshasomwa. Kushinda au kushindwa kumeshapita. Sasa muulizaji anawaza ukweni, anawaza kazini, anawaza mwanawe wa darasa la sita ambaye hana simu lakini rafiki yake anayo.

Jibu linategemea mmeshtakiana wapi. Hukumu moja ya talaka, ikitolewa Dodoma, Nairobi, Sydney au Leeds, itamfikia msomaji kwa sura nne tofauti. Nimeziweka hapa bega kwa bega kwa ajili ya mwanandoa anayetaka kujua la kuomba, wakili anayepaswa kuomba mapema, na yeyote aliye kwenye kamati ya kuandika mwongozo wa kuchapisha hukumu. Msimamo wangu nautoa kabisa: ubishi wa "wazi au siri" hautufikishi popote. Kwanza sema unajificha kwa nani. Mgeni asiyekujua, bosi wako, jirani na wifi yako ni watu wanne mbalimbali, na ukuta unaomzuia mmoja, mwingine anauruka bila kuvua viatu.

Majina yote, kama Tanzania

Ingia TanzLII, maktaba ya mtandaoni ya hukumu za mahakama zetu, bure, bila kujisajili. Fungua rufaa yoyote ya mgawanyo wa mali za ndoa. Juu kabisa utakuta jina la mrufani na jina la mjibu rufaa, kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao. Chini yake, maisha: nani alihama chumba, nani alilipa ada, kiwanja kilinunuliwa kwa fedha za nani, shahidi wa tatu alimwona nani akitoka nyumba ya wageni.

Wapo wanaoutetea utaratibu huu kwa hoja nzito. Hakimu anayejua kwamba kila mtu atasoma, na atajua ni akina nani, hawezi kumpendelea shemeji yake kirahisi. Anayetaka kununua nyumba ataona kama ilishagombaniwa. Mke wa pili naye atajua mume aliwahi kuapa mahakamani kwamba hana mali.

Ila nina kesi moja inayonisumbua kila nikiisikia hoja hiyo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani anazofanya mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Kabla ya hapo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika, wengine wakisema kupika na kulea ni wajibu wa mke tu, hakumpi sehemu ya nyumba. Uamuzi ule uliwabeba maelfu ya wanawake, na jina la mwanamke aliyekata rufaa ndilo jina la kanuni. Kila aliyesoma sheria nchini analijua. Limo kwenye vitabu, kwenye mitihani, kwenye hoja za mawakili za wiki hii.

Sitaliandika hapa. Hukumu hiyo hiyo inasema pia kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alizifuja, na kwa hiyo mchango wake umeshamalizika, hana cha kupewa. Wenzake wakapata kanuni, yeye akabaki na jina lililogandishwa pamoja na neno "alifuja" kwa zaidi ya miaka 40. Najiuliza kanuni ile ingepungua nini kama ingetoka kwa herufi za kwanza za majina. Sioni.

Kuna pazia tulilokuwa nalo bila kulijua: Kiingereza. Mahakama ya Mwanzo siku zote imetumia Kiswahili, lakini kuanzia mahakama za juu hukumu ilikuwa ya Kiingereza, na jirani hakuwa na haja ya kuhangaika nayo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, pazia hilo linaondoka. Ni jambo jema, tumelipigania wenyewe. Lakini hukumu iliyoandikwa kwa lugha ya sokoni ikiwa na majina matatu ya kila upande husomwa sokoni.

Herufi, kama Kenya

Wakenya, kupitia Kenya Law, maktaba yao ya hukumu mtandaoni, wanachapisha hukumu za familia kwa wingi, na katika kesi za ndoa na watoto wamezoea kuweka herufi za kwanza tu. Mfano mzuri ni JOO dhidi ya MBO, uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 27 Januari 2023. Mahakama ilisema ibara ya 45(3) ya Katiba, inayowapa wanandoa haki sawa, haimaanishi kwamba mali inakatwa nusu kwa nusu yenyewe tu. Kila mmoja aonyeshe mchango wake. Katika kesi yenyewe nusu kwa nusu ilibaki pale pale, kwa sababu ushahidi uliifikisha hapo.

Nchi nzima ililijadili hilo, redioni, kwenye matatu, kwenye vikundi vya WhatsApp vya wanawake na vya wanaume. Walibishana juu ya nani anastahili nini. Ni wangapi walijua JOO ni nani? Hawakuhitaji kujua. Kwa anayedai kwamba bila majina umma hauelewi haki ilivyotendeka, kesi hii ni jibu tosha.

Sasa kasoro zake. Herufi zinamzuia mgeni na zinamzuia bosi anayeandika jina lako Google. Hazimzuii jirani hata kidogo. Ukiandika "JKM" halafu ukaeleza kwamba ni daktari pekee wa meno katika mji fulani, ana watoto wa aina fulani na plot namba fulani, umemfunga mtu kitambaa machoni ukamwacha asimame katikati ya uwanja. Yeye ndiye haoni. Wengine wote wanamwona. Pia herufi zinachosha. Kuna JKM wengi, mawakili huwachanganya, na usalama uko kwenye namba ya marejeo, [2023] KESC 4 kwa hiyo niliyoitaja. Halafu kuna ajali ya kawaida kabisa: anayefuta majina ni binadamu, amefuta ukurasa wa kwanza hadi wa kumi, na kwenye aya ya 23 shahidi anamtaja mtu kwa jina lake la nyumbani. Jina moja likibaki, yale mengine yote uliyoyafuta umejisumbua bure.

Jina la kubuni, kama Australia

Hili linanivutia, na sijui kwa nini Afrika Mashariki halijaigwa. Sheria ya familia ya Australia ya 1975 inakataza kuchapisha kesi ya familia kwa namna inayowatambulisha wahusika. Mahakama yao ya familia ilitafuta njia ya kuchapisha bila kuvunja sheria, ikaanza kuwapa wahusika jina la ukoo la kubuni. Kesi inasomeka kama kesi ya watu, si kama namba za magari.

Kwetu ingekuwa "Mwajuma dhidi ya Selemani", majina yasiyo yao. Msomaji anafuata hadithi bila kurudi nyuma kuuliza RMW alikuwa mke au dada wa mume. Mwanafunzi anaikumbuka kesi. Hatari ni moja, nayo ni ya kweli: jina la kubuni linaweza kuwa jina la mtu mwingine wa kabila hilo hilo, wilaya hiyo hiyo, na yeye naye ana ndoa. Kwa hiyo libuniwe lisiloelekea mahali wala dini ya wahusika, na juu ya hukumu liandikwe waziwazi kwamba si jina halisi.

Liwe wazi lakini lisitafutike

Kanada inatoa funzo ambalo kila mwenye tovuti ya hukumu angelisoma. CanLII, maktaba yao ya bure, inaweka hukumu nyingi zikiwa na majina, lakini inazizuia injini za utafutaji zisiingize hukumu hizo kwenye orodha zao. Ukitaka kusoma, ingia CanLII utafute humo. Ukiandika jina la mtu kwenye Google, kesi yake haikurukii usoni.

Akatokea mtu Romania, akazipakua hukumu hizo, akazipandisha kwenye tovuti iliyoitwa Globe24h na kuacha Google izisome. Watu wakaanza kuona talaka zao, madeni yao na migogoro yao ya kazi kwenye ukurasa wa kwanza wa jina lao. Walipolalamika, waliambiwa walipie ziondolewe haraka. Januari 2017 Mahakama ya Shirikisho ya Kanada ilimwamuru aziondoe.

Njia hii ni nafuu mno. Ni mistari michache kwenye faili la tovuti, haimgusi jaji, haibadilishi neno hata moja la hukumu. Ndiyo ya kwanza ningeifanya kesho asubuhi kama ningepewa funguo. Lakini msiiite faragha. Jirani mwenye nia ataingia mwenyewe kwenye maktaba atafute. Na Globe24h imeonyesha kwamba kilichowekwa wazi kinaweza kubebwa, kikahamishiwa nchi ambayo amri ya mahakama yako inafika imechoka.

Mlango uliofungwa, kisha ukafunguliwa kidogo: Uingereza

Waingereza ndio walioanzia mbali zaidi. Kesi za watoto huko Uingereza na Wales husikilizwa bila umma. Waandishi wa habari waliruhusiwa kuingia mwaka 2009, lakini kukaa ndani ni jambo moja na kuandika ulichosikia ni jingine; kwa miaka mingi waliweza la kwanza bila la pili. Mwaka 2014 rais (yaani jaji kiongozi) wa kitengo cha familia cha mahakama, James Munby, aliwahimiza majaji wachapishe hukumu zaidi zikiwa zimefichwa majina. Mrithi wake, Andrew McFarlane, akaanzisha majaribio Januari 2023 katika miji ya Cardiff, Leeds na Carlisle: mwandishi aandike, ila asimtambulishe mtoto. Tarehe 27 Januari 2025 utaratibu ukaenea kwenye mahakama zote za familia za huko.

Kwa nini wamehangaika hivyo? Kwa sababu huko serikali inaweza kumchukua mtoto kwa mzazi na kumpa familia nyingine moja kwa moja. Mamlaka makubwa namna hiyo yakifanyika nyuma ya mlango, mzazi aliyeonewa hana pa kusemea, na ofisa ustawi wa jamii aliyekosea hana wa kumwona. Kufunga kabisa kunamlinda mtoto dhidi ya mgeni. Kunamlinda pia ofisa mzembe, na jaji mzembe. Mtoto wa miaka 10 alipouawa Woking mwaka 2023 na watu wa nyumbani kwake, ilibainika kwamba mahakama ya familia iliwahi kushughulikia malezi yake. Jaji mmoja akaamuru majina ya majaji waliohusika yasitajwe. Januari 2025 Mahakama ya Rufani ikaitupa amri hiyo. Nakubaliana nayo kwa mikono miwili. Mahali popote, kwa mfumo wowote utakaouchagua, jina la jaji halifichwi. Yeye hakuletwa pale na ndoa iliyovunjika; ameletwa na kiapo.

Na kabla hatujaamini kwamba wahusika siku zote wanataka kificho, kesi mama ya uwazi wa mahakama za Kiingereza, Scott dhidi ya Scott ya 1913, ilikuwa kesi ya ndoa. Ilisikilizwa faragha kwa amri ya mahakama. Mke akachukua nakala ya mwenendo wa kesi akawapelekea baba mkwe na wifi yake, kwa sababu maneno yalikuwa yameshazagaa na alitaka kusafisha jina. Akashtakiwa kwa kudharau mahakama. Bunge la Mabwana, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa, likasema hakukosea, kwani mahakama haikuwa na mamlaka ya kuifunga kesi namna ile. Aliyeitoa nje alikuwa mwanamke. Siri iliwafaa waliokuwa wakimsema.

Afrika Kusini iko katikati ya hayo yote, nami naona imekaa pazuri: mwaka 2009 Mahakama ya Katiba, katika kesi ya kampuni ya habari ya Johncom, ilifuta kifungu cha sheria ya talaka kilichokataza kuchapisha karibu kila kitu cha kesi ya talaka, ikasema inatosha kuwaficha wanandoa na watoto wao.

Kalamu juu ya karatasi

Majina ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Tazama aya hii, niliyoitunga mwenyewe kwa mtindo wa hukumu zetu:

"Mdai, muuguzi wa zahanati ya kata, na mdaiwa, mwalimu mkuu wa sekondari iliyo ng'ambo ya barabara, walifunga ndoa katika kanisa la Kilutheri tarehe 13 Desemba 2008. Wana pacha wa kike waliozaliwa tarehe 2 Machi 2012. Nyumba inayogombaniwa, yenye paa la bluu mkabala na soko, ilijengwa mwaka 2013 kwa mkopo wa benki uliokatwa kwenye mshahara wa mdaiwa, huku mdai akilipa ada na chakula."

Hakuna jina hata moja, na kata nzima imeshajua. Sasa ipitie hivi:

"Mdai ni mtumishi wa afya na mdaiwa ni mtumishi wa elimu, wote wana mshahara wa mwezi. Ndoa ilifungwa mwaka 2008. Wana watoto wawili wenye umri chini ya miaka 18. Nyumba inayogombaniwa ilijengwa mwaka wa tano wa ndoa kwa mkopo wa benki uliokatwa kwenye mshahara wa mdaiwa, huku mdai akilipa ada na chakula."

Vilivyotoka ni kanisa, zahanati, soko, paa, tarehe na upacha. Paa la bluu halijawahi kumsaidia jaji yeyote kuamua. Sentensi ya mwisho, kuanzia "kwa mkopo", sikuigusa hata nukta, maana sheria inakaa pale: nani alilipa nini. Hapo ndipo wafutaji wengi hukosea. Wanafuta kiasi cha fedha wakiacha jina la shule ya mtoto. Mwanamke mwingine anayetaka kujua ada na chakula vilihesabiwa asilimia ngapi anakuta nyota tupu, ilhali anayetaka kumfuata mtoto shuleni amepewa njia.

Hofu ya kwamba hukumu yenye herufi itakwama kwa msajili wa hati au benki ni ya bure. Nakala iwe mbili. Ya wahusika, yenye majina na namba za viwanja, ibaki kwenye jalada na ndiyo itakayokazwa, yaani kutekelezwa. Ya umma ndiyo ipande mtandaoni. Jaji akiandika tangu mwanzo akijua kutakuwa na nakala mbili, kazi ya kufuta baadaye ni ya dakika chache, na ile ajali ya aya ya 23 inapungua sana.

Basi uchague nini?

Aina ya shauri iamue. Mirathi iache majina: wadai na warithi lazima wamtambue marehemu, na tangazo lilishatoka gazetini. Kenya, inayoficha wanandoa, nayo huacha jina kamili la marehemu kwenye kesi za mirathi. Ila watoto waliozaliwa nje ya ndoa, wanaotajwa humo kama hoja ya kubishaniwa, wapewe herufi.

Mali za ndoa: jina la kubuni au herufi, takwimu zote zibaki, mahali papunguzwe hadi mkoa. Ukiwa na mwenza anayejulikana sana, mwanasiasa au mfanyabiashara mkubwa, jiandae kwamba hakuna herufi itakayokusaidia. Hapo omba ushahidi wa chumbani utengwe, usihangaike na jina.

Malezi na matunzo ya mtoto ni pagumu. Tanzania, Mahakama ya Watoto tayari husikiliza faragha, na sioni sababu ya hukumu kuutangazia umma kilichosikilizwa faragha bila kuchujwa. Herufi, kupunguza, na kuzuia injini za utafutaji, vyote vitatu kwa pamoja. Mtoto hakufungua kesi, na miaka kumi ijayo ndiye atakayeandika jina lake la ukoo kwenye simu.

Palipo na kipigo, usalama unatangulia kila kitu: anakoishi sasa aliyekimbia, kazi yake mpya na shule mpya ya watoto visiingie hata kwenye nakala ya wahusika, kwa kuwa mhusika mmojawapo ndiye anayetafuta. Kuasili mtoto, chapisha hoja ya sheria tu. Na serikali ikimchukua mtoto kwa wazazi wake, geuza mizani: familia ifichwe, lakini ofisi, ripoti na maofisa vitajwe wazi.

Kwa wakili, ombi hili lina wakati wake. Liwasilishwe kabla hukumu haijasomwa, kwa maandishi, likitaja aya za ushahidi unazotaka zichujwe na kwa nini. Ombi la jumla la "tunaomba faragha" hukataliwa, na kwa haki. Kama hukumu imeshapanda, mwandikie msajili ukionyesha ukurasa na mstari, kisha ukague tena baada ya wiki mbili: tovuti itakuwa imebadilishwa, lakini PDF iliyopakuliwa siku ya kwanza itakuwa imeshafika kwenye kikundi cha ukoo, ikiwa na jina kamili la mteja wako juu na shangazi yake akiuliza hapo chini ni ukurasa wa ngapi.